CDI ya Kuazima

Barabara itokayo Kasese kwenda kusini hupita Muhokya kabla ya kuingia katika nyika ya hifadhi ya Queen Elizabeth, na msafiri aishikaye huwa na milima ya Rwenzori upande wake wa kulia, kilele chake kirefu kikiwa kimepanda mita 5,109, na upande wa kushoto bonde literemkalo taratibu hadi Ziwa George. Muhokya hujulikana kwa chokaa ichomwayo hapo, walakini riziki ya wakazi wake, kama ile ya watu wa Bwera na Mpondwe walio mbele zaidi kwenye mpaka wa Kongo, aghalabu hupita juu ya magurudumu mawili: samaki wa Kahendero, chumvi ya Katwe, kahawa ishukayo milimani, mgonjwa apelekwaye hospitali ya Bwera usiku, mchuuzi anayewahi soko la mpakani. Mwendesha boda boda mara nyingi huwa mdaiwa. Ama ameikodi pikipiki kwa malipo ya kila siku, ama anaulipa mkopo wake kwa mafungu. Na kwa hiyo siku ambayo chombo kimekataa kuwaka ni siku ambayo deni huendelea kutembea ilhali yeye ameketi.

Sababu za pikipiki kukataa kuwaka ni nyingi, lakini iko moja iletayo mashauri marefu kuliko nyingine zote katika gereji za kandokando ya barabara, nayo ni kufa kwa CDI, kisanduku kitoacho cheche ya kuwashia injini. Spea ya modeli inayohitajika haipo dukani, au ipo Kasese mjini na bei yake haifikiki leo. Na chini ya benchi ya fundi pana kopo lenye CDI zilizong'olewa katika pikipiki zilizokwisha kwa ajali au kwa uzee, na mojawapo ina soketi inayofanana kabisa na ile iliyoharibika. Swali lifuatalo kila mtu hulijua: je, hii haiwezi kuvaa pale? Na jibu la haraka ni kuijaribu. Nakusudia kueleza kwa nini jaribio hilo pekee halitoshi, na kwa nini hatari kubwa haimo katika pikipiki inayogoma baada ya kuvishwa CDI ya ugenini, bali imo katika ile inayokubali.

Injini ya petroli haiendi kwa mafuta na hewa tu. Huhitaji cheche, na huihitaji kwa wakati wake. Robert Bosch wa Ujerumani alifunga magneto yake katika chombo cha magurudumu matatu cha De Dion-Bouton mwaka 1897, na mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akakamilisha magneto ya umeme wa nguvu nyingi pamoja na plagi yake. Kwa muda mrefu baada ya hapo kazi ya kuukata umeme ili cheche iruke ilifanywa na platini, vipande viwili vya madini vigusanavyo na kuachana injini inapozunguka. Mafundi wa makamo walioanza kazi kwa Honda na Yamaha za zamani wanazikumbuka: zilichakaa, zilishika uchafu, zikapigwa msasa na kupimwa nafasi yake kwa kipande chembamba cha chuma, na baada ya miezi kadhaa kazi ikarudiwa upya. Kawasaki H1 ya mwaka 1969 ilikuwa miongoni mwa pikipiki za kwanza za barabarani kuiacha platini na kuishika CDI, na leo hakuna kijana wa boda boda aliyewahi kusimama njiani kwa sababu ya platini. Raha hiyo ilikuja pamoja na sharti moja, kwamba kazi iliyokuwa ikionekana kwa macho na kurekebishwa kwa bisibisi sasa imefichwa ndani ya kisanduku kisichofunguliwa.

Kisanduku chenyewe ni kipande cheusi cha plastiki kilichojazwa gundi iliyoganda, ili maji na mtikisiko visifike ndani. Mna kapasita, yaani kihifadhi cha umeme, ambayo hujazwa hadi kiasi cha volti 200 au 300, wakati mwingine hata zaidi, kisha ikangoja. Magneto ni gurudumu la sumaku lizungukalo pamoja na mhimili wa injini, na juu yake pana nundu ya chuma. Kando ya gurudumu hilo imefungwa koili ndogo iitwayo pulsa. Nundu ipitapo mbele ya pulsa, ishara hafifu ya umeme huingia katika CDI, kapasita hufunguliwa ghafla, na umeme wote uliohifadhiwa humwagika katika koili ya cheche, ambayo huukuza hadi volti 20,000 na zaidi, ukaruka katika pengo la plagi. Katika pikipiki nyingi za silinda moja jambo hili hutendeka kila mzunguko wa mhimili, hata ule mzunguko ambao injini inatoa moshi na cheche haina kazi, kwa maana sumaku haina njia ya kujua injini iko katika hatua gani.

Ingekuwa CDI haina kazi nyingine ila kutoa cheche, kuazimana kusingekuwa na taabu. Lakini ina kazi ya pili iliyo ngumu zaidi, nayo ni kuchagua wakati, jambo ambalo mafundi huliita taimingi. Mafuta hayaungui yote kwa mara moja: moto huanzia kwenye plagi ukasambaa, na kusambaa huko huchukua muda, hivyo cheche hulazimika kutangulia kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili msukumo mkubwa uikute imeanza kushuka. Injini ikiwa katika mwendo wa polepole, mizunguko 1,500 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sehemu 40 za elfu za sekunde, na cheche ikitangulia kwa nyuzi 10 au 15 inatosha. Ikikimbia mizunguko 6,000, mzunguko mzima ni sehemu 10 tu za elfu, na nyuzi zile zile 15 zimepungua zikawa chini ya nusu ya sehemu moja ya elfu, muda usiotosha. Ndipo CDI huisogeza cheche mbele zaidi, hata karibu na nyuzi 30 katika injini nyingi ndogo. Kiasi gani itangulie katika mwendo gani, hayo mtengenezaji huyapanga kwa kulitazama umbo la chumba cha moto, kiasi cha mgandamizo, na kazi aliyoikusudia injini ile.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi ndugu wa kiwanda kimoja wanavyoweza kutofautiana. Bajaj Boxer, ambayo imeijaza Uganda kuliko pikipiki nyingine yoyote, ilitengenezwa kubeba abiria na mzigo kwa mwendo wa wastani. Pulsar ya Bajaj hiyo hiyo ilitengenezwa kwa mpenda kasi, na tangu mwaka 2003 ilianza kutoka na mfumo wa DTS-i, wenye plagi mbili katika silinda moja. Moto uanziao pande mbili hukutana upesi, na kwa hiyo hauhitaji kutanguliwa sana kama moto uanziao upande mmoja. Atwaaye CDI ya injini ya plagi mbili akaivika injini ya plagi moja, ijapokuwa ameunganisha nyaya zote bila kosa, ameipa injini yake ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya moto wa namna nyingine. Kwa hakika anayeazima CDI anaazima hesabu za injini ya mwenziwe.

Kabla ya kufika kwenye hesabu, hata hivyo, kuna suala la umeme unaoilisha, na hapa ndipo CDI nyingi za kuazimwa hufa siku ile ile. Ziko zile ziitwazo za AC, zinazopata umeme wake moja kwa moja kutoka koili maalumu iliyo ndani ya magneto, ambazo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imetolewa kabisa. Na ziko za DC, zinazotwaa volti 12 za betri kupitia swichi na kuzikuza zenyewe ndani yake. Ya AC ikifungwa mahali pa DC haitoi cheche, kwa kuwa volti 12 haziijazi kapasita. Na ya DC ikifungwa mahali pa AC hupokea umeme wa magneto ambao haikuumbwa kuustahimili. Hata namna ya kuzima ni kinyume: CDI ya AC huzimwa kwa waya wake mmoja kugusishwa ardhi, ilhali ya DC huzimwa kwa kukatiwa umeme. Fundi akiunganisha waya wa kuzimia wa AC na waya wa swichi uletao volti 12, amekiingizia kisanduku umeme kwa mlango uliowekwa kwa kutolea. Aina ya tatu haina kapasita, na koili yake huwa na ukinzani wa kiasi cha om 2 hadi 4, tofauti na koili ya CDI ambayo aghalabu haifiki hata om 1. Mwenye kuzichanganya hizo huunguza kisanduku bila kuona moshi wowote.

Na soketi haisemi lolote kati ya hayo. Watengenezaji wengi hununua soketi za umbo moja kwa sababu ni rahisi kupatikana, kisha kila mmoja akapanga pini zake apendavyo. Rangi za nyaya nazo huponza, na kwa kuwa hili ni jambo la manufaa kwa kila gereji, nitalieleza kwa kituo. Katika Honda, na katika pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga CG125 iliyotoka mwaka 1976, waya wa kijani ni ardhi. Mweusi wenye mstari mwekundu huleta umeme wa magneto. Mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia. Na mweusi wenye mstari wa njano hupeleka umeme kwenye koili ya cheche. Bajaj, iliyoshirikiana na Kawasaki tangu miaka ya 1980, ilifuata dasturi ya Kawasaki: wa kahawia ni umeme wa swichi, na ule mweusi wenye mstari wa njano, ambao kwa Honda ndio wa cheche, kwa Bajaj ni ardhi. Kijana aliyejifunzia kazi kwenye Kichina kisha akaletewa Boxer, akiunganisha rangi kwa rangi kwa moyo mweupe kabisa, ataupeleka umeme wa cheche ardhini, na atahukumu kwamba CDI aliyoletewa ni mbovu. Kipimo cha mita kwenye fremu ya pikipiki kabla ya kuunganisha hutambulisha ardhi kwa muda mfupi mno.

Tuseme basi kwamba umeme ni wa aina moja, pini zimepangwa sawa, na pikipiki imewaka. Wateja hushangilia, fundi hulipwa, na mwendeshaji hurudi stendi. Hapo ndipo nasema hatari imeanza, kwa sababu bado hatujaitazama nundu. CDI ya kisasa hupata ishara ukingo wa kwanza wa nundu unapofika kwenye pulsa, kisha huhesabu muda wa kungoja kulingana na mwendo wa injini. Na hesabu hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba ukingo ule hufika katika pembe fulani kabla pistoni haijafika juu. Ikiwa katika pikipiki ya kwanza ukingo hufika nyuzi 35 kabla, na katika hii iliyoazima hufika nyuzi 25, cheche itachelewa nyuzi 10 katika kila mwendo, polepole na mbio, mlimani na tambarare. Vivyo hivyo nyaya mbili za pulsa zikigeuzwa, CDI huuchukua ukingo wa mwisho wa nundu kuwa ndio wa kwanza, na taimingi ikahama kwa urefu wote wa nundu. Pikipiki itawaka, maana injini ndogo huvumilia mengi. Itakachokosa mwenyewe atakiona baadaye, na pengine hatajua kwamba kisa chake kilikuwa ni kisanduku.

Cheche ikichelewa, mafuta huendelea kuungua wakati valvu ya moshi imekwisha kufunguka, na joto lililopasa kuisukuma pistoni hutoka nje: bomba huwa jekundu penye shingo, valvu huungua ukingo, nguvu hupungua, na mwendeshaji hufungua mafuta zaidi ili kupata mwendo ule ule. Akitoka Muhokya asubuhi kwa kiasi cha petroli alichokizoea, hakimfikishi tena Bwera na kumrudisha. Cheche ikitangulia mno, dalili ya kwanza hutokea mguuni, kwani kiki hurudi kwa nguvu ikampiga mwendeshaji katika muundi. Ya pili husikika akipanda mlima na mzigo, mathalani kwenda Kilembe au Kyarumba, injini ikiwa katika mizunguko michache na kazi nyingi, ndipo hutoka mlio wa kugonga kama wa misumari ndani ya kopo. Mlio huo ni moto unaoipiga pistoni ingali inapanda, na pistoni ya aluminiamu haihimili kipigo hicho kwa miezi mingi. Watu wa tambarare huweza kukaa na pikipiki kama hiyo wasisikie kitu. Watu wa milimani huiharibu upesi, na sisi hapa tuko chini ya milima.

Nimekwisha kusema kwamba CDI hufa. Haki inanitaka niseme pia kwamba husingiziwa. Kofia ya plagi iliyooza ndani, koili iliyopasuka, swichi ya kuzimia iliyoingia maji, waya wa ardhi ulioshika kutu kwenye boliti yake, pulsa ambayo mita haionyeshi ukinzani wake wa om mia moja na kitu: yote haya huleta ugonjwa ule ule wa kukosa cheche, na yote ni ya kupimwa kabla ya mtu kutoa fedha. Na CDI iliyokufa kweli lazima iulizwe imekufa kwa nini. Rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, ikiwa mbovu na kuiruhusu chaji kupanda hadi volti 16 au 17, itaiua CDI ya DC, na itaiua pia ile mpya, na ile ya kuazima, moja baada ya nyingine, mpaka mwenye mali aamini kwamba pikipiki yake ina nuhusi. Iko sababu nyingine ninayoionea uchungu kwa kuwa ni rahisi kuepukwa: pikipiki zetu hupelekwa kwa mchomeleaji kila mara, keria iongezwe nguvu kwa ajili ya magunia au fremu iliyopasuka ishikizwe, na umeme wa kuchomelea hupita katika fremu ile ile ambayo ni ardhi ya CDI. Kuchomoa soketi ya CDI na kuondoa waya wa betri kabla ya kuchomelea ni kazi ya muda wa kumwita mtu jina, na wachomeleaji wachache huitaka.

Simwambii fundi wa Muhokya asibadilishe. Ustadi wa kukifanya chombo kimoja kikubali kiungo cha kingine ndio uliozishika barabara hizi zisisimame, na wenye ustadi huo wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Namwomba tu asimalize kazi pale injini inapowaka. Katika gurudumu la magneto la pikipiki nyingi zimechongwa alama: T ikionyesha pistoni iko juu kabisa, F ikionyesha mahali pa cheche katika mwendo wa polepole, na aghalabu mistari miwili mbele yake ikionyesha mahali inapopaswa kufika katika mbio. Iko taa ya kupimia taimingi, ambayo hushikizwa kwenye waya wa plagi ikamulika kila cheche inaporuka. Ukiielekeza kwenye tundu la kutazamia la magneto, gurudumu lizungukalo huonekana kana kwamba limesimama, na alama hujionyesha zenyewe. F ikielekeana na alama iliyo kwenye kasha katika mwendo wa polepole, kisha mistari miwili ikaja mahali pake injini inapopandishwa, na isipite hapo, CDI ya kuazima imekubalika kwa ushahidi. Alama zikisogea lakini zikakaa kando ya mahali pake kwa kiasi kile kile katika kila mwendo, tatizo ni nundu au nyaya za pulsa. Zisiposogea kabisa, pulsa inasomwa lakini mpango wa kutanguliza haupo, na kisanduku kile chafaa kumfikisha mtu nyumbani siku moja, si kumbebea abiria mwaka mzima.

Taa moja ya namna hiyo yaweza kutumiwa na gereji nyingi. Sioni sababu ya gereji za stendi moja kutochangishana zikainunua pamoja. Na ambapo haipo kabisa, liko jambo dogo la kufanya kabla CDI ya pikipiki iliyovunjwa haijatupwa katika kopo: kuifunga kipande cha plasta na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino jina la modeli iliyotoka, AC au DC, plagi moja au mbili, na mpangilio wa pini kwa rangi za nyaya kama zilivyokuwa, pini ya ardhi ikitajwa kwanza.